Kikombe cha Chini ya Goti

Kwetu milimani, mwanamume asiyelipa damu
hupewa kahawa kwa chini ya goti.
Mwenye nyumba huinua mguu kidogo,
hupitisha kikombe uvunguni mwa paja lake
kama amtupiaye mbwa mfupa,
na wageni wengine hutazama moto.

Baba yangu, Lulash, alikipokea hivyo
tangu ile Januari waliyomleta ami Ndoc
amelazwa juu ya farasi, vidole vyake
vikichora mstari kwenye theluji.
Alikunywa. Hakuacha ila machicha.
Akashukuru, akauliza habari za mifugo.

Maneno hawakuyakosa.
Mzee Pashk alimwita goigoi.
Mkewe Pashk, legelege, unga uliorowa,
jogoo asiyewika hata jua likiwa utosini.
Mwuza chumvi kutoka Shkodër,
ambaye hata hakumjua marehemu,
alisema huyu ni mtu wa nta, na akampunja mizani.
Padri alisema mpole.
Kwa namna alivyolitamka, akilitafuna kwanza,
hilo liliuma kuliko yote.
Watoto walijificha nyuma ya ukuta wa mawe
wakawa kuku: ko, ko, ko,

na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa na miaka tisa.
Siku moja nilirudi na neno mdomoni,
la moto, kama kiazi kilichotoka majivuni,
nikamtemea usoni: Mwoga.
Alikuwa akitengeneza mzinga wa nyuki.
Aliitoa misumari midomoni, mmoja mmoja,
akaipanga juu ya ubao.
"Umelitamka vizuri," alisema.
"Bibi yako hulikatisha katikati, akalia."
Kisha akaniomba nimshikie nyundo.

Mama alinieleza baadaye sana,
siku tulipofua shuka zake za mwisho
na maji yalikuwa baridi hata hatukuihisi mikono.
Usiku wa arubaini ya Ndoc
alishusha bunduki ukutani, akapanda njia ya mbuzi
hadi ng'ambo, kwa akina Gjokaj.
Akalala kifudifudi nyuma ya ghala la nyasi.
Kulipopambazuka akatoka yeye, Ndue, aliyemuua,
kichwa wazi, nywele zimesimama upande mmoja,
akakojolea ukuta wake mwenyewe,
akaimba kidogo, vibaya,
akamwita mbuzi kwa jina.

"Ilikuwa rahisi," alimwambia Mama.
"Rahisi kama kuzima mshumaa kwa vidole.
Nikaogopa."

Basi hawakumsingizia.
Aliogopa kweli, na aliogopa mpaka kaburini,
akashuka na hofu yake ile mteremko mzima
kama mtu abebaye maziwa kwenye bakuli lililojaa.

Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko,
kwa shujaa huenda kilio.
Kicheko kilikuja kwetu kila Jumapili,
kikavua viatu, kikaomba mto wa kuegemea.
Kilio sikukifuata kukihesabu.
Najua tu kwamba ukutani kwa Pashk
kuna picha tatu za vijana wenye masharubu mapya,
na mama yao huzifuta vumbi kwa upindo wa kanga ya kichwani
kuanzia kwa mdogo.

Ndue alikuja mazishini. Amezeeka, kiuno kimepinda.
Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza.
Nilimpikia kahawa.
Nikasimama mbele yake na kikombe,
na nikiri: goti langu lilitikisika,
likataka kuinuka.
Nilimpa kwa juu, kwa mkono wa kulia.
Akanywa akiangalia viatu vyake.

Risasi ile ninayo. Mama aliihifadhi
kwenye kopo la sukari, na asubuhi
kijiko huigonga, kli,
nami huichimbua, huipangusa, huirudisha.

Lile neno nililomtemea pia ninalo.
Nimelilamba pande zote.
Bado sijapata pa kuliweka.